Mume Wangu Alikuwa Dereva wa Trekta

Jumatatu, 3 Machi

Nimekama. Ng'ombe hajui matanga. Chai ya waombolezaji, sufuria mbili, halafu nikafagia uwanja ingawa wananikataza.

Siku ya nne bila Baba Kamau. Miaka themanini na mmoja ya kuishi, hamsini na miwili ya kugombana na mimi. Kila anayeingia ananiambia, "Pole Mwalimu, jikaze." Nimejikaza mpaka taya zinauma.

Tutamzika Jumamosi, hapa hapa Bahati, upande wa juu wa shamba.

Jumatano, 5 Machi

Kamau, kifungua mimba wangu, amekuja kutoka Kiamunyi na wasifu wa baba yake, umepigwa chapa vizuri. Nikachukua kalamu nyekundu. Nimesahihisha insha za watoto miaka thelathini, mkono hausahau.

"Mfanyabiashara wa mashine za kilimo." Mashine zipi? Trekta moja kuukuu, kiti chake kimeshonewa gunia.

"Mkulima hodari, mfano kwa kijiji." Hapo nilicheka mpaka binti yangu Wambui akaja mbio akidhani nimeshikwa na wazimu. Mahindi yetu yalikuwa mafupi kuliko ya majirani wote! Kila Machi alilimia watu kwanza, wajane wakiwa mbele, sisi mwisho kabisa. Mvua ikishaanza ndipo anakumbuka naye ana mke. Nilimnunia kila mwaka. Anaingia jioni amejaa vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana, ananiambia, "Mama Kamau, wewe una mume. Yule hana."

"Aliugua kwa muda mfupi." Alikohoa misimu mitatu. Hospitali ilikuwa ya kwenda akimaliza shamba la fulani. Mkaidi yule.

Nimempa Kamau nne kwa kumi. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekasirika. Programu ya mazishi imeshachapishwa vile vile. Maneno ya mjane yatasomwa na Wambui. Mjane mwenyewe ataketi mbele na miwani nyeusi, ameshikwa mkono kama mgonjwa. Ndiyo desturi siku hizi. Na hayo maneno hata hawakuniuliza, wameniandikia. "Nguzo yangu, umeniacha gizani." Mimi! Lini nimewahi kuongea hivyo?

Nikasema nitasimama mwenyewe.

Kamau akasema, "Mathe, una presha, utaanguka. Na kuna watu wa ofisini wanakuja."

Ala! Kumbe si presha anayoogopa. Anaogopa trekta. Nikamwambia, "Trekta ndiyo iliyokusomesha." Nilijuta kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi

Kaburi limechimbwa. Udongo laini, mzuri.

Naogopa. Nikinyamaza kesho tutazika mtu mwingine, na wajukuu watakua wakimjua huyo wa kwenye karatasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesema.

Wambui alipoitwa, nikainuka kabla yake. Kamau naye akainuka kunirudisha. Lakini mwenye maikrofoni alikuwa pasta, na pasta nilimfundisha darasa la nne. Angefanya nini? Akanipa.

Nikavua miwani. Nikasema, "Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Kama alilima shamba lako kabla ya langu, simama nikuone."

Kisha akasimama Mama Njeri, mjane wa hapo chini. Kisha wazee wawili. Kisha safu nzima, na nyingine nyuma yake, mpaka waliobaki wamekaa ni watu wa ofisini kwa Kamau. Mama Njeri akapaza sauti, "Mwalimu, utusamehe!" Hema lote likacheka, na wengine machozi yanawatoka hapo hapo wakicheka.

Nikawaambia nimewasamehe, ila yeye bado namnunia. Nikasema nilimpenda. Mbele ya umati. Miaka hamsini na miwili na sikuwahi kulisema neno hilo, hata tukiwa wawili. Aibu gani nilikuwa naona?

Sikuanguka.

Jumapili, 9 Machi

Hema limeondolewa. Wambui amelala, amechoka. Kamau hakurudi Kiamunyi. Amekaa na mimi jikoni asubuhi yote tukimenya viazi, yeye akitoa maganda manene, nusu ya kiazi inaenda nayo.

Akaniambia jambo. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, baba yake alimpeleka shule kwa trekta, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba. Karibu na geti Kamau akamdanganya baba yake kwamba trekta haziruhusiwi, amshushe pale kwenye kona. Akabeba sanduku kichwani peke yake. Amekaa na hilo tangu hapo, na sasa ana mvi.

Nikamwambia baba yake alijua. Alirudi siku hiyo akacheka hadi akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama Kamau, kijana ameshapata marafiki wa kuwaonea haya. Hatakuwa mpweke huko." Na kila alipompeleka baadaye akawa anasimama pale pale konani bila kuambiwa.

Kamau alilia, kisu mkononi. Nilimwacha alie. Viazi vilivyobaki nikamenya mimi.