Tangazo la Johari Lisilo na Bei

Shangazi Time mpenzi,

Salaam nyingi kutoka huku Upper Marlboro, Marekani. Binti yetu Yumna hajambo, amerefuka kunipita, na ukimsemesha Kiswahili anaelewa ila hujibu kwa Kiingereza. Baridi imeanza.

Jabir wako uliyemlea alitaka kumuuza Johari, yule farasi wake mzee, kwa sababu hawezi tena kumhudumia. Tuligombana juu ya tangazo. Mimi nilitaka tuandike bei, tusisumbuliwe na simu za wasio na nia.

"Layla," akaniambia, "bei ya farasi mzee ni ndogo, na bei ndogo huwaita watu wa machinjioni. Acha waulize. Nitawajua kwa maswali yao."

Basi hatukuandika. Wengi walipiga, wakauliza bei tu, wakakata. Mama mmoja aliuliza Johari anapenda kula nini. Jabir alifurahi siku nzima, lakini mama yule hakupiga tena.

Tangu Ijumaa sauti ya mume wangu Jabir imekwisha. Jana simu ilipolia nikapokea mimi, nikaweka spika ili naye asikie. Mwanamume akauliza, "Ana kilo ngapi?" Nikatazama kitandani. Jabir alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka.

"Hauzwi," nikasema, nikakata. Tangazo nimeliondoa.

Shangazi, daktari amesema dawa hazimsaidii tena. Ukipata viza, njoo upesi. Kila mlango ukifunguliwa, hugeuza macho kutazama nani kaingia.

Mimi mkweo,
Layla