Adolfu na Jembe Ulilomkataza

Kaengesa,
Sumbawanga.
9 Machi 1996

Mpendwa mdogo wangu Klementina,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na ukungu. Hujambo? Shemeji na watoto hapo Dar es Salaam hawajambo? Mimi ni mzima kama ng'ombe dume, ila usingizi sina.

Sababu ni mwanao Adolfu. Usishtuke, yu hai na anakula. Kula ndiyo kazi yake.

Tangu ninunue televisheni ya betri ya gari na deki yake ya video (hata watu wa Chanji mjini huja kuishangaa), hainuki kwenye kochi. Mikanda ya karate asubuhi hadi jioni, na yeye hata teke hawezi kurusha. Suruali ulizomletea Krismasi hazipiti mapajani. Mimi nilikuwa natamba kijijini: oneni mashavu ya nyumba yenye neema!

Jumatatu tulikuwa shambani tukifukia nyasi kwenye matuta. Akatuletea uji. Kilima kile kidogo tu, akaanguka. Binti yangu Bertila akamcheka, "We Adolfu, umebeba uji au umebeba mlima?" Alipomwona haamki, akaanza kulia. Moyo wake ulikuwa unadunda mpaka nauona juu ya shati. Mimi niliyepandisha gunia la dagaa kutoka Kasanga bila kulitua, chui akanipisha njia, siku hiyo niliita majirani tusaidiane kumbeba mwanao.

Mganga wa zahanati kasema si malaria. Ni mafuta na kukaa. Afanye kazi, kidogo kidogo, la sivyo moyo utachoka angali kijana.

Sasa, pale stendi uliniapisha kwamba kwangu asishike jembe, asome tu. Neno lako nimelishika. Wewe ndiye mama, siwezi kulivunja. Nakuomba ulilegeze.

Kwa sasa nimemwambia: betri ikiisha, aisukume mwenyewe kwa baiskeli kwenda kuichaji. Ametoka asubuhi, mvua imenyesha, bado hajarudi. Naandika huku natazama njia.

Wifi yako Redempta anakusalimu, na Bertila pia. Msalimie shemeji. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Wilibrodi

N.B. Nimefungua tena bahasha. Namwona! Anasukuma, anapumzika, anasukuma. Kafika shambani, kailaza baiskeli, kamnyang'anya Bertila jembe. Nimemwita aache, anajifanya hasikii. Jibu upesi, mdogo wangu, tuta la kwanza anakaribia kulimaliza.