Ukurasa wa Plastiki Inayotoa Mwanga

Jumatano, 6 Februari 1991

Leo nimeiba. Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe, daftari, kwa sababu huna mdomo.

Nimerarua ukurasa wa gazeti la Uingereza pale chumba cha kusomea, karibu na soko. Ni toleo la Novemba, limekuja kwa meli, kona zimekunjamana. Sheria ya pale ni kusoma hapo hapo, hakuna kuazima. Nilikuwa nanakili kwa penseli, nikafika kwenye mchoro. Mara kaka yangu Ismail mlangoni: "Saida! Duka linakungoja, profesa!" Watu wote wakageuka. Mimi watu wakigeuka nakufa kidogo.

Gichuru, mhudumu wa pale, alikuwa ameinama akipanga magazeti yenye habari za vita vya Ghuba. Nikakohoa. Nikararua. Kikohozi kilikuwa kirefu kuliko karatasi.

Akainua kichwa. Akauliza kama nina kifua, nikachemshiwe tangawizi nyumbani. Yeye ndiye aliyeniwekea gazeti hilo kwenye droo yake wiki nzima, wengine wasilichafue kabla sijamaliza. Na mimi nimemfanyia hivi!

Ukurasa uko ndani ya tochi yangu. Baba yetu, Aabo, hufanya hivyo kwa wateja: tochi ya bei nafuu mawe yake, yaani betri, hucheza, basi anayazungushia karatasi, yanatulia. Nimeyazungushia. Tochi inawaka vizuri kuliko jana.

Alhamisi, 7 Februari

Niandike ninavyoelewa, kabla sijasahau.

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Mwalimu alitufundisha kwamba haipitishi umeme, ndiyo maana waya huvalishwa plastiki. Lakini watu wa Cambridge wamepata plastiki nyingine. Wameitandaza nyembamba sana — ngozi ya kitunguu ni blanketi mbele yake — katikati ya tabaka mbili zinazopitisha umeme. Upande mmoja elektroni zinaingia. Upande wa pili zinatoka na kuacha mapengo. Elektroni ikitumbukia kwenye pengo, mwanga! Rangi ya ndimu inayoanza kuiva. Hakuna waya unaopata moto kama ndani ya balbu.

Bado ni hafifu na hewa inaiharibu upesi. Lakini gazeti linasema siku moja televisheni itakunjwa kama mkeka, na taa itabandikwa ukutani kama kalenda.

Duka letu linauza vitu viwili: karai za plastiki mkono wa kushoto, tochi na balbu mkono wa kulia. Nimekaa katikati maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri vingeweza kuwa kitu kimoja.

Kosa langu — nilimwambia Ismail. Tulikuwa tunapanga karai na nilikuwa na furaha, ikatoka. Siku nzima amenicheza shere. "Mama, chukua hii karai, ni taa. Ngoja tu profesa atafute swichi." Yule mama alicheka mpaka akashikilia kaunta. Halafu Ismail akachukua kipande cha karai iliyovunjika, akakiweka juu ya jiko. "Si ndiyo hii, inawaka!" Tone likanidondokea kwenye kifundo cha mkono. Akasema pole, huku anacheka. Lengelenge ni kubwa kama kifungo cha shati.

Aabo alikuwa na redio sikioni. Vita vya Mogadishu tu, kila siku Mogadishu.

Ijumaa, 8 Februari

Nimeusoma mara sita. Upande wa pili ni siasa, kuna picha ya watu wakikimbia. Sijausoma.

Matokeo ya mtihani bado. Nataka kemia. Sijui hata mtu anamwambia nani kwamba anataka kemia.

Jumatatu, 11 Februari

Nilienda chumba cha kusomea kama kawaida, mtu asishangae. Nisingeenda!

Mzee Kipyego alikuwa pale. Ni mwenyekiti wa kamati ya chumba na mtu wa chama, beji haitoki kwenye koti. Alikuwa ameambiwa kuna gazeti la wazungu linatusema vibaya. Akalitoa mwenyewe kwenye droo ya Gichuru. Akavaa miwani, akatafuta yaliyomo. "Kenya, ukurasa wa arobaini na mbili." Akafungua polepole, akilamba kidole.

"Arobaini. Arobaini na tatu." Akamtazama Gichuru. "Wewe kijana, hesabu ulisomea wapi?"

Watu wakacheka. Halafu hakuna aliyecheka.

"Hii karatasi imeenda wapi? Imeenda kwa wenzako wa vyama vingi?"

Gichuru akasema, Mzee, mimi hata sijui iliandikwa nini.

"Na gazeti lilikuwa linatafuta nini kwa droo yako?"

Hapo Gichuru akanitazama. Kidogo tu. Nilidhani atasema, nilikuwa namwekea huyu msichana. Si ni kweli? Akasema, "Nilikuwa nalitunza tu, Mzee."

Hakutaka nitajwe. Hajui ni mimi niliyerarua — alitaka tu nisiaibike mbele ya watu.

Nimerudi nyumbani nikausoma upande wa pili. Ni watu wanaotaka vyama vingi, na namna wanavyofungwa. Mistari michache hivi! Upande wangu una mistari mingi zaidi, na mchoro. Nani angeamini kwamba mtu aliutaka ukurasa huu kwa sababu ya plastiki?

Jumanne, 12 Februari

Wamemchukua Gichuru.

Ismail aliona. Anasema vijana wa chama walifika saa nne asubuhi, wakamkalisha chini mbele ya wasomaji. Mmoja akararua ukurasa wa gazeti la jana: "Ile ulikula. Sasa kula na hii." Wakamjaza mdomo. Alitafuna. Alipotaka kutema wakamziba pua. Halafu likaja gari.

Ismail amesimulia mara tatu dukani, na kila mara kurasa zinaongezeka. Anamwigiza akitafuna, macho yakitoka. Wateja wanapenda. Aabo alipoondoa redio sikioni kusikia wanacheka nini, alisema tu, "Funga mdomo. Ukuta una wenyewe."

Sikula. Hooyo, mama yetu, alidhani ni lile lengelenge.

Jumatano, 13 Februari

Mtu wa koti la kahawia amekuja dukani. Hakujitambulisha, na Aabo hakumuuliza. Alinunua balbu moja. Akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza.

"Hii itakaa?"

Aabo akasema itakaa, mzee.

"Na wewe utakaa?" Akacheka. Akaomba kadi. Aabo akaitoa ile ya pinki, ambayo serikali ilitupa sisi Wasomali baada ya kutuchuja nani raia, nani mgeni. Anaiweka kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Yule mtu aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena palepale. Aabo anatazama mikono yake kama mtu anayetazama mtoto wake kando ya barabara.

Halafu akanigeukia. "Wewe ndiye unasomaga pale. Huyo Gichuru, lile gazeti alikuwa analipenda?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari, lote, mdomoni. Ni mimi, mzee, nilitaka mchoro. Nikaiona kadi ikikunjwa mara ya nne.

Nikasema, "Ndiyo."

"Alikuwa analiweka wapi?"

"Kwa droo yake."

"Wengine walikuwa wanakubaliwa kulisoma?"

"Si sana."

Kila neno ni kweli. Hakuna hata moja la uongo! Nimelipima kila moja kwenye mizani usiku mzima na hakuna la uongo.

Alipotoka aliiacha balbu juu ya kaunta. Aabo akasema, "Umejibu vizuri. Fupi."

Ijumaa, 15 Februari

Leo nilitaka kuuchoma. Jiko lilikuwa tayari, hakuna mtu. Nikaufungua nikautazama mchoro mara ya mwisho: tabaka, plastiki, tabaka, na vishale vya mwanga vikitoka chini. Nikasema kwanza ninakili vishale. Nikanakili. Halafu nikaona maelezo ya mwisho sijayaelewa vizuri.

Nikasema kesho. Nikauzungusha tena kwenye mawe.

Mtu amefungwa, na mimi nasema kesho. Nimejua leo mimi ni mtu wa namna gani.

Jumapili, 17 Februari

Mke wa Gichuru alikuja. Anaitwa Wacera. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Ana mimba, na viatu vya mume wake, kwa sababu miguu imevimba. Ismail aliviona viatu kabla ya kumwona yeye. "Mama, umetembea na mzee mzima!"

Alimpita. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndiye Saida? Mume wangu, baba Wamucii, alikuwa anakusema kila jioni. Eti kuna msichana Msomali mwenye haya, akianza kusoma hata nzi hamwoni. Alikuwa anasema huyo atafika mbali."

Nilipanga betri. Zilikuwa zimepangika tayari.

"Msichana wangu, ulikuwa unakaa karibu na meza yake. Hukuona mtu akirarua?"

"Sikuona."

"Hata kusikia? Karatasi inasikika ikiraruka."

"Nilikuwa na kikohozi," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akasema pole! Kwangu! Akaniambia tangawizi husaidia.

Jumanne, 19 Februari

Saa saba na nusu mchana. Naandika stoo, nyuma ya karai. Lazima niandike upesi.

Wacera alikuja saa saba. Gichuru amepelekwa gereza la Nakuru. Wamemruhusu Wacera amwone kesho asubuhi, dakika kumi. Basi lake linaondoka saa nane, leo atalala kwa dada yake nje ya mji wa Nakuru, hakuna umeme huko na atafika giza limeingia. Alikuja kununua mshumaa mmoja. Akamwambia Aabo kwamba pale getini wanapekua mpaka mshono wa sweta. Mwanamke mwingine alikutwa na kipande cha gazeti kimefungia mandazi, wakamzuia siku mbili.

Aabo akaona huruma. Akarudisha mshumaa kwenye boksi. "Mshumaa gani, na hali yako hiyo? Ismail, mtafutie tochi."

Na Ismail hata hakugusa zile mpya. Akanyoosha mkono chini ya kaunta, akatoa yangu. "Mpe ya Saida, ina mawe tayari. Yeye si atawasha karai?"

Nikasema, "Hiyo ni yangu."

Ilitoka kwa sauti. Sijawahi kusema kitu kwa sauti hapo dukani. Aabo akanitazama mpaka nikaona aibu yake, si yangu. "Mume wa mtu yuko ndani, na wewe unalilia tochi?"

Nikasema, nitampa mpya, Aabo, mpya ni bora. Ismail akaangua kicheko. Eti profesa hajafungua chuo na tayari ni bahili. Aabo akasema basi, imetosha, asinione kwa macho hadi jioni.

Wacera akaiwasha, kujaribu. Ikawaka vizuri. Mawe yalikuwa yametulia.

"Nitairudisha, msichana wangu," akasema. "Nitamwambia baba Wamucii ni wewe umenipa. Atafurahi sana." Akanikumbatia juu ya kaunta, tumbo lake katikati yetu. Nilisikia mtoto akipiga teke. Halafu akaitia tochi kwenye kikapu chake, kiondo, chini ya sweta anayompelekea Gichuru, akaenda.

Kesho itakuwa ndani ya kiondo hicho hicho. Watafungua sweta, watafungua tochi. Lazima watafungua tochi, mtu yeyote angefungua! Watatoa ukurasa wa arobaini na moja na arobaini na mbili, ambao mume wake anaapa hajui ulipo. Mikononi mwa mke wake.

Saa nane kasoro robo.

Kutoka hapa mpaka steji ya mabasi ni dakika kumi kwa mguu, sita nikikimbia. Basi limejaa watu, na wote watageuka. Nitasema nini? Nikisema tochi, watacheka. Nikisema ukurasa, yule wa koti la kahawia atarudi, na safari hii hataikunja kadi, ataichana. Labda hawatafungua. Labda mawe yataisha leo kwa dada yake, atayatupa pamoja na karatasi. Mawe mapya huisha kwa wiki mbili na nusu, haya yana wiki mbili. Nimepiga hesabu.

Ismail anaita, kuna mteja wa karai.

Nane kasoro kumi. Kalamu bado iko mkononi.

Nakuomba, daftari, jambo hili libaki kwako. Ulinyamaza siku ile nilipokohoa. Nyamaza na leo. Sasa basi limepiga honi, au ni lori, nitasikiliza tena