Bafu la Bibi Harusi

Jumanne, 8 Januari

Dalili: jambo linaloonekana, linalotupa haki ya kudhani jambo lisiloonekana. Masharti ni mawili. Kwanza, liwepo kila sababu yake inapokuwepo. Pili, lisiwe na sababu nyingine inayolieleza vizuri vilevile. Sharti la pili liliwachosha wanafunzi wangu kwa miaka thelathini na mmoja. Leo limenichosha mimi.

Ibtisam, binti wa kaka yangu Lakhdar, anaumwa kichwa tangu Ijumaa. Kichefuchefu, miguu kulegea, machozi bila sababu. Ataolewa Alhamisi ya wiki ijayo. Mama yake, Zubida, anacheka tu: "Wifi, hayo ni ya harusi. Mimi nilitapika siku tatu kabla ya kuletwa kwa kaka yako, na nilipomwona nikatapika tena!" Wakaangua kicheko wote. Hata mimi.

Kisha nikaenda kunawa mikono. Hita ya gesi iliyo bafuni — mwali wa manjano! Unapaswa kuwa wa buluu. Kwenye kifuniko, masizi. Tundu la hewa ukutani limezibwa kwa taulo la kijani, kama inavyofanya nusu ya mji wa Setif kila theluji inapoanguka. Gesi inayoungua bila hewa ya kutosha huzaa hewa ya sumu, haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa. Kichefuchefu. Miguu kulegea.

Nimelitoa taulo.

Alhamisi, 10 Januari

Jaribio. Jana nilimchukua Ibtisam alale kwangu, kwa kisingizio cha kupunguza mikono ya gauni. Asubuhi kichwa hakiumi. Amekula mayai mawili na mkate, akaomba mwingine.

Nikampelekea Zubida matokeo. "Si ajabu! Kwako hakuna mashangazi sita wanaomwuliza atazaa lini."

Nikiri: jibu lake ni zuri. Nyumba ile ina hita na ina mashangazi, nami nilimtoa msichana kwenye vyote viwili kwa mpigo mmoja. Mwanafunzi angeniletea jaribio kama hili ningemkata nusu ya alama.

Taulo limerudi tunduni. "Bafu lina baridi, Wifi. Unataka mwanangu aende kwa mumewe na mafua?"

Nimelitoa tena.

Jumapili, 13 Januari

Ijumaa nilitundika bafuni king'ora kidogo cheupe, kinachopima hewa ile. Leo saa tano asubuhi kikalia. Zubida yumo ndani! Nilifunga koki ya gesi, nikafungua madirisha yote, nikawatoa wote kwenye theluji — Zubida ndani ya koti la Lakhdar, povu kichwani. Jirani wa chini akauliza kutoka dirishani kama harusi imeshaanza.

Watu wa zimamoto walifika baada ya dakika ishirini na tano. Wakapima: sifuri. Wakaagiza hita isiwashwe mpaka fundi akague bomba la moshi.

Kwa familia, sifuri imekuwa hukumu. Nilieleza kwamba kilichopimwa ni hewa ya nyumba iliyokaa wazi karibu nusu saa. Sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu bafu lililofungwa. Lakhdar akaniwekea mkono begani. "Dada yangu, wewe ulifundisha mantiki. Hukufundisha mabomba." Akakitoa king'ora betri, akaitia mfukoni. "Baada ya harusi."

Hofu yangu imebadilika umbo. Jana niliiogopa hita. Leo naogopa pia kwamba nikipiga kelele mara ya pili, hakuna atakayeinuka.

Jumatatu, 14 Januari

Fundi Masud. Mtu mchangamfu, si mwongo. Amesafisha kichomeo, mwali sasa ni wa buluu. Kiungo cha bomba la moshi kimelika kwa kutu — amekizungushia utepe wa alumini. Kisha akawasha kiberiti chini ya bomba: moshi ukavutwa juu.

"Umeona, mama? Linavuta kama baba yangu na sigara zake."

Nikamwambia amepima mlango ukiwa wazi, tundu likiwa wazi, hita ikiwa imewaka dakika mbili tu. Itakuwaje mlango ukifungwa na hita ikawaka saa mbili mfululizo?

"Kwani nani anaoga saa mbili?"

Wamecheka. Hata hivyo alimwambia Lakhdar hita hii ni ya kutoa, si ya kutengeneza. Lakini mpya inataka bomba jipya mpaka paani, ukuta utobolewe, na wageni wameshaanza kufika. Kwa hiyo — baada ya harusi.

Jumanne, 15 Januari

Hamamu ya mtaa imefungwa! Tanuri limepasuka. Wanawake waliokuwa wamsindikize Ibtisam huko kesho wataoga nyumbani kwa Lakhdar. Mashangazi sita, mama, bibi harusi. Watu wanane, robo saa kila mmoja. Saa mbili kamili.

Nilisema waje kwangu, hita yangu ni ya umeme.

Zubida akakataa. "Bibi harusi aogee nyumba isiyo ya baba yake? Upande wa mume watasemaje?"

Basi aoge wa kwanza.

"Nyumbani kwetu bibi harusi huoga wa mwisho, asiingie mtu nyuma yake. Umesahau, Wifi? Ah — samahani."

Ile samahani ilikuwa kwa sababu mimi sikuolewa. Nimeipokea.

Nilichopata: tundu liwe wazi, mlango usifungwe kwa komeo, mapumziko ya dakika kumi kati ya mtu na mtu. Lakhdar ameapa, ila betri ya king'ora hakuitoa mfukoni. Lakhdar hatakuwepo bafuni.

Jumatano, 16 Januari

Naandika nikiwa kwenye kiti mbele ya mlango wa bafu. Daftari lipo kwa ajili ya dakika. Wananiita askari wa maji moto. Mmoja alipotoka akanipigia saluti: "Niandike! Nimeoga, sijafa!"

Mapumziko yalishikwa kwa wawili wa kwanza. Kisha wakaanza kupokezana mlangoni, maji yasipoe. Wote wanatoka na mashavu mekundu. Maji moto huleta wekundu. Hewa ile pia. Wa sita aliketi sakafuni, kizunguzungu. Mvuke tu, wakasema, wakampa chai ya mnanaa.

Zubida aliingia wa saba. Alipotoka nikamwuliza taulo la kijani liko wapi.

"Wifi, pumzika."

Saa nane na dakika kumi: Ibtisam ameingia. Nimesikia komeo. Nikamgeukia mama yake. "Msichana ana haya," akasema.

Dakika ya nane. Nimegonga. "Niko salama, Shangazi!" Sauti yake ya kila siku.

Dakika ya kumi na mbili. Analia.

Dakika ya kumi na tano. Nimegonga tena. "Niache... kidogo." Maneno yamekuja polepole, yakikokotwa. Nimemwambia afungue komeo. Hakujibu. Zubida amenishika mkono, macho yamemjaa machozi. "Mwache, Wifi. Anaagana na nyumba yao. Nililia hivihivi mimi, na sauti ilinikauka hivihivi. Ukimvunjia mlango leo hatakusamehe maisha yake yote." Hasemi uongo. Anampenda kuliko ninavyompenda mimi.

Dakika ya kumi na saba. Nimekimbilia jikoni kufunga koki ya gesi. Mashangazi wawili wanakaanga mbele yake. Wamenigeuza kwa mabega, wakicheka: "Si leo tena, Hajja! Leo hatutoki kwenye theluji!" Nimemwita Lakhdar. Yuko chini, anapokea viti kwa jirani.

Dakika ya kumi na tisa. Maji yanatiririka. Kilio kimekwisha. Mtu aliyemaliza kulia hunyamaza. Aliyevuta hewa ile naye hunyamaza. Zubida ametabasamu, kana kwamba kimya hiki kimempa haki.

Mkono wangu wa kushoto uko juu ya mlango. Ubao mwembamba — bega moja lingetosha. Nimetafuta dalili inayozitenganisha sababu hizi mbili, na ninayoijua ni moja tu, nayo huja mwisho kabisa. Kwa haki gani ninaisubiri?