Taa ya Ubavuni

Mjukuu wangu Mueni,

Hapa Mbotela tuko salama, na nyanya yako ameanza tena kufuga kuku. Umeniuliza ufunge taa gani kwenye chumba chako cha kupaka vanishi. Nilipokwenda kumposa nyanya yako, niliwapelekea wakwe meza niliyoipaka vanishi mwenyewe karakanani Gikomba, chini ya balbu ya darini. Pale iling'aa bila doa. Kwao Kaloleni ikawekwa kando ya dirisha, na mwanga wa ubavuni ukafichua kila mchirizi. Mama mkwe akapitisha kidole, akasema, "Kijana, rudi na meza yako ukaipake upya. Binti atakusubiri."

Basi funga taa nyeupe ukutani, usawa wa meza, imulike mbao kwa upande. Uone makosa yako kabla ya mteja.

Nyanya yako alisubiri. Barua hii naiandikia juu ya meza hiyo.

Babu yako