Usimtafute Kitsa Juu

Butembo, Jumapili jioni

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Mariette,

Nakusalimia wewe, shemeji na watoto huko Mulekera. Kifua chako kimepoa? Wasingya, asante sana kwa unga wa muhogo, ulifika vizuri. Mimi mwili ni mzima, moyo bado. Tangu tumzike kaka yetu Kitsa, mama anakula kidogo, lakini jana aliomba viazi mwenyewe.

Mchana uliniuliza kwa nini sauti yangu ilikuwa mbaya kwenye simu. Ni kinyaa, yaya. Unajua mimi ndiye naweka habari kwenye site ya intaneti ya shefu Paulin, bosi wangu. Lori la Musienene lilipoanguka, niliandika majina ya marehemu kwa utulivu: kila mtu mstari wake, chini ya kijiji chake. Paulin akasema orodha ya namna hiyo mtu anaisoma mara moja na kuondoka. Akayapa namba, kutoka kumi kushuka hadi moja, kama nyimbo zinazopendwa redioni, na kila jina ukurasa wake. Ili umfikie marehemu anayefuata, unapita kwanza tangazo la mafuta ya kung'arisha ngozi. Kitsa wetu akawekwa namba moja, eti picha yake inacheka vizuri. Nilimwomba Paulin aache. Akasema kilio changu nikiache nyumbani.

Leo kanisani mwinjilisti Phinées alisoma majina kwenye simu, kama yalivyo. Masikini, hakuwa na nia mbaya. Namba tatu, namba mbili. Alipofika namba moja, Kitsa Gamaliel, watoto wa kwaya wakapiga makofi. Mama aliinama, kisha akaniuliza polepole mwanawe ameshinda nini. Nilitoka nje.

Sasa nikuambie nililokuficha kwenye simu. Kutoka kanisani nilipita biro, pale ofisini kwetu, nikafuta namba na matangazo, nikarudisha majina yalivyokuwa. Paulin alipoona akanipigia, akasema nimwachie sentineli anayelinda mlango ufunguo, nisirudi tena. Nimeuacha. Mama hajui bado, nitamwambia mwenyewe.

Phinées ameyanakili majina hayo kwenye karatasi, atayasoma upya Jumapili ijayo. Na wewe ukifungua ukurasa kabla Paulin hajauharibu tena, usimtafute Kitsa juu. Shuka hadi Musienene. Yuko kati ya Kasika, muuza maharagwe, na mzee Syauswa. Siku ile ya ajali dereva alimpa Kitsa kiti cha mbele, akakataa. Alisema huko nyuma ndiko kuna maongezi.

Wabusu watoto. Mungu akulindie kifua.

Mdogo wako,
Kavuo