Kitambaa Cheupe cha Mtoni

Jumatano, 7 Aprili 1976
Saa moja asubuhi. Maji: 46. Nimepandisha kitambaa cheupe. Mwaka wa sita huu nasoma ubao wa namba za sentimita uliosimikwa mtoni, chini ya mtaa wa Panzi. Mto unatoka milimani, unapita vijiji viwili na migomba yao, halafu sisi, halafu unamwagika mto Ruzizi. Maji yakipita 70 napandisha chekundu, na wanawake wa ng'ambo wanaokwenda soko la Kadutu wanazunguka darajani. Masaa mawili zaidi, na mihogo mgongoni. Siku hizo hawanipendi.

Ijumaa, 9 Aprili
48. Cheupe. Dada yangu mdogo Nabintu amevuka mapema, kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Nilimwambia atazame maji kabla ya kukanyaga mawe ya kuvukia. Akacheka, akaniita kaka kwa lugha ya nyumbani. "Yaya, mimi siangaliake mayi. Naangaliaka kitambala yako."
Kesho Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Jina likiitwa na haupo, unalala cachot, mahabusu. Kwa hiyo jioni hii nimeandika namba ya kesho kabisa kwenye daftari la kazi: 48. Kila Salongo nafanya hivyo. Kitambaa nimekiacha juu.

Jumamosi, 10 Aprili
Tumefukua mtaro Panzi. Jua kali, hata tone. Tumeimba nyimbo za chama. Saa nne majirani wakaja kuniita mtoni.
Usiku ilinyesha milimani. Huku kwetu hatukusikia kitu. Nimesoma 131. Cheupe kilikuwa bado juu. Nabintu alitangulia kwenye mawe. Wenzake walibaki ng'ambo wakipiga kelele.
Nikashusha cheupe, nikapandisha chekundu. Sijui kwa nini.

Jumapili, 11 Aprili
Sikukuu ya Matawi. Sikwenda misa. Wafyatua matofali wa kule chini wamemkuta kwenye kona ya mto, karibu na Ruzizi. Ndipo vitu vyetu vyote huishia: ndoo, mbuzi, magogo. Walimfunika kwa majani ya migomba, wakatusubiri. Kamba ilikuwa bado kwenye paji. Nilitaka kulia. Machozi hayakuja.

Jumanne, 13 Aprili
Tulimzika jana, ng'ambo, shambani kwake. Mama ameniuliza mara moja tu. "Ulishukaka kusoma mayi?" Nikasema hapana. Akaendelea kumenya mihogo.
Nimemuua dada yangu.

Alhamisi, 15 Aprili
Mkuu wa ofisi yetu ya maji amepitia daftari langu la kazi. "Citoyen, daftari yako iko propre, safi. Hakuna siku inakosekana." Nikachukua kalamu mbele yake, nikakata 48 ya Jumamosi, nikaandika: sikushuka. Akafunga daftari, akanirudishia.

Jumanne, 20 Aprili
45. Cheupe. Mawe yote yako nje, makavu. Wanawake wametokea ng'ambo na mizigo yao. Wamekiangalia kitambaa. Wakageuka, wakashika njia ya darajani, mmoja nyuma ya mwingine. Nilisimama mpaka wa mwisho akapotea kwenye migomba.
Nikaandika 45.